Mmarekani ni Nani?

Wahenga wetu walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii imekaa vinywani mwetu siku nyingi, na aghalabu mzee huitumia akitaka kumrudi kijana aliyesahau kwao. Ishike, msomaji, kama mtu ashikavyo taa, tuingie nayo katika kitabu kimoja cha kale kilichojengwa juu ya fikira iliyo kinyume chake. Mwandishi wa kitabu hicho alidai kwamba mtu akiacha mila za baba zake, akavuka bahari na kushika mila mpya katika nchi mpya, hawi mtumwa. Bali hapo ndipo aanzapo kuwa mtu huru. Mtu huyo mpya alimwita Mmarekani.

Kitabu chenyewe huitwa Letters from an American Farmer, yaani barua za mkulima wa Marekani. Kilipigwa chapa London katika mwaka 1782, wakati vita vya kupigania uhuru wa Marekani vilikuwa havijapata mkataba wa mwisho. Mwandishi alikuwa J. Hector St. John de Crèvecœur, Mfaransa aliyezaliwa Caen katika mwaka 1735. Ujanani alikwenda Kanada akawa askari. Baadaye akahamia New York, akaandikishwa uraia huko katika mwaka 1765, akaoa na kulima shamba lake. Barua zilizomo ni kumi na mbili. Ya tatu katika hizo ina kichwa kilicho swali: Mmarekani ni nani? Swali hilo limepita umri wa miaka 240, wala halijazeeka. Nia ya insha hii ni kulipima jibu la Crèvecœur, kuonyesha kwa nini watu wengi wamelisoma nusu tu, na kuuliza lina faida gani kwa mtu atakaye kujua maana ya kuwa Mmarekani leo.

Kwanza tulitendee haki jibu lenyewe. Katika barua ya tatu mwandishi anatuonyesha maskini wa Ulaya aliyekuwa hana ardhi, hana sauti, wala hana mkate wa kutosha. Huko kwao alikuwa kama mti uliopandwa mahali pakavu. Anapohamishiwa Marekani anapata shamba, sheria ya kumlinda, na jirani asiyemwuliza babu yake alikuwa nani. Damu za mataifa zinachanganyika, na katika mchanganyiko huo anatoka mtu wa namna mpya. Kwa mfano, mwandishi anaitaja jamaa moja: babu ni Mwingereza, mkewe ni Mholanzi, mwana wao ameoa Mfaransa, na wajukuu wanne wameoa wanawake wa mataifa manne mbalimbali. Kwa hiyo, msomaji, Mmarekani wa Crèvecœur hajulikani kwa kabila. Anajulikana kwa kile alichokiacha na kwa kile alichokubali kukishika.

Fikira hii ilikuwa kubwa kwa wakati wake, na ni kubwa hata sasa. Karibu kila taifa duniani hujieleza kwa nasaba: sisi ni wana wa fulani, tulitoka mahali fulani. Crèvecœur aliliweka taifa juu ya mapatano badala ya nasaba. Lugha yake katika barua hii ina joto na furaha. Sentensi zake zinatembea kama mtu avunaye shamba lake mwenyewe. Si ajabu kwamba barua hii imechapwa peke yake mara nyingi katika vitabu vya shule, na wanafunzi wa Marekani wamefundishwa kuiona kama cheti cha kuzaliwa kwa taifa lao.

Lakini cheti kikisomwa, yafaa kisomwe chote. Ukiyahesabu mataifa yaliyotajwa katika mchanganyiko ule, utaona kwamba yote ni ya Ulaya. Mwafrika hayumo, wala mwenyeji wa asili wa nchi ile hayumo. Hili halikuwa kosa la kalamu ya mtu mmoja. Katika mwaka 1790, Bunge la Marekani lilipotunga sheria yake ya kwanza ya kumwandikisha mgeni uraia, liliweka sharti kwamba awe mtu mweupe aliye huru. Sharti la rangi halikufutwa kabisa katika sheria ya uraia mpaka mwaka 1952.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji afungue kurasa ambazo wengi wamezoea kuziruka. Katika barua ya tisa, msimulizi anasafiri mpaka Charleston, katika South Carolina, mji wa matajiri wenye mashamba. Amealikwa chakula cha mchana kwa mtu mmoja, na ili aepuke joto la jua anapita njia ya msituni kwa miguu. Anasikia sauti nzito isiyoeleweka. Akiinua macho anaona tundu limetundikwa mtini, na ndani yake mna mtumwa, Mwafrika, aliyeachwa humo afe. Ndege wamekwisha kumtoboa macho. Mtu yule anasikia hatua za mpita njia na kuomba maji. Msimulizi anampa maji; kisha mtu yule anaomba sumu, ili mateso yake yaishe. Msimulizi hana la kufanya. Anaendelea na safari yake, anafika alikoalikwa, na huko anaelezwa kwamba mtumwa yule alimwua msimamizi wa shamba, na kwamba adhabu ile ilikuwa ya lazima kwa usalama wa wenyeji.

Tazama namna mwandishi alivyoimaliza barua hii. Hoja za wenyeji wake hazirudii. Ananyamaza. Katika kitabu chenye maneno mengi namna hii, kimya hicho ndicho sehemu yenye nguvu kuliko zote. Barua ya tatu ilitwambia kwamba Marekani mtu haulizwi babu yake alikuwa nani. Barua ya tisa inatuonyesha mtu aliyewekwa tunduni na ndege kwa sababu kwanza aliulizwa swali hilo, na jibu lake likamfanya mali ya mwingine. Methali yetu ya mwacha mila inageuka hapa. Mtu yule hakuacha mila ndipo akawa mtumwa. Alifanywa mtumwa kwanza, kisha mila zake zikang'olewa kwa nguvu.

Iko barua moja zaidi. Ni ya kumi na mbili, na ya mwisho. Vita vimekuja. Mkulima yule aliyekuwa akijivuna kwa amani ya shamba lake sasa halali usiku. Kila mbwa akibweka anadhani adui amefika. Upande wa mfalme hautaki kwa moyo, na upande wa waasi unamtisha. Basi anakata shauri la kumchukua mkewe na watoto wake akaishi katika kijiji cha wenyeji wa asili, mbali na Wazungu wote. Angalia kinaya kilichomo: mtu wa kwanza kuuliza kwa kalamu Mmarekani ni nani alimaliza kitabu chake akitafuta kimbilio kwa watu wale wale aliosahau kuwahesabu katika jibu lake.

Hapa yapasa kumtenga mwandishi na msimulizi, jambo ambalo msomaji mchanga husahau upesi. Msimulizi huitwa James, na ni mkulima wa Pennsylvania. Crèvecœur alilima New York. James alipanga kukimbilia kijijini. Crèvecœur alipanda meli akarudi Ulaya katika mwaka 1780. Aliporejea Marekani katika mwaka 1783 alikuta nyumba yake imeteketezwa kwa moto na mkewe amefariki. Alikufa Ufaransa katika mwaka 1813. Mtu aliyeandika sifa kubwa kuliko zote za kuhamia Marekani hakuzikwa Marekani.

Sasa hukumu. Wako wahakiki wanaodhani kwamba kitabu hiki kimevunjika vipande viwili, mwanzo wa matumaini na mwisho wa huzuni, na kwamba mwandishi hakuweza kuviunga. Mimi naona kuvunjika huko ndiko ukweli wake. Kama Crèvecœur angaliandika barua ya tatu peke yake, tungalikuwa na tangazo la kuwaita wahamiaji. Kama angaliandika ya tisa peke yake, tungalikuwa na shitaka. Kwa kuziweka katika jalada moja alitupa nchi kamili. Udhaifu wake uko mahali pengine. Baada ya kuona lile tundu hakurudi nyuma kulipima upya jibu la barua ya tatu. Zaidi ya hayo, James mwenyewe ana watumwa katika shamba lake, na anajifariji kwamba watumwa wa kaskazini wanalishwa vema. Machozi yake ni ya kweli, lakini hayamgharimu kitu. Msomaji ana haki ya kumwuliza: bwana, uliyempa yule maji, je, waliokuwa nyumbani kwako uliwapa nini?

Jibu ambalo Crèvecœur hakulitoa lilitolewa na mtu mwingine, miaka 70 baada ya kitabu chake. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, akatoroka katika mwaka 1838, akajipatia elimu na ufasaha uliowashangaza rafiki na adui. Katika mwaka 1852 alialikwa Rochester, New York, kuhutubu juu ya sikukuu ya uhuru. Aliitoa hotuba yake tarehe 5 Julai, siku moja baada ya sikukuu yenyewe. Ukitaka kujifunza nguvu ya viwakilishi, soma hotuba hiyo. Anawaita wasikilizaji wake wananchi wenzake. Lakini akiwataja waasisi wa taifa huwaita baba zao, si baba zetu. Uhuru ni wao, furaha ni yao, sikukuu ni yao. Kwa neno moja dogo anachora mpaka kati ya jukwaa aliposimama na viti walipokaa. Kisha, wakati msikilizaji anangoja aikane nchi ile kabisa, Douglass anafanya jambo jingine: anaishika Katiba yao na kudai kwamba, ikisomwa sawasawa, ni hati ya uhuru, wala haina ruhusa ya utumwa.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo fasihi ya Marekani ilipopata jibu lililo bora kuliko la Crèvecœur. Mmarekani wa Crèvecœur ni mtu aliyepokea. Alifika, akapewa ardhi, akashukuru. Mmarekani wa Douglass ni mtu anayedai. Amenyimwa, anajua kwamba amenyimwa, na hati anayoitumia katika madai yake ni ile ile iliyoandikwa na waliomnyima. Wa kwanza anaweza kulala akishiba. Wa pili hawezi kulala, na kwa kuwa halali, anaiamsha nyumba nzima.

Utaniambia kwamba haya ni maneno ya vitabu tu. La. Fuata nami sheria kidogo, maana katika nchi ile sheria na fasihi zimekuwa zikijibizana. Katika mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika shauri la Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, utumwa ukakomeshwa katika mwaka 1865, na katika mwaka 1868 Katiba ikaongezwa Badiliko la Kumi na Nne. Badiliko hilo lilisema kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Halikuuliza rangi, wala halikuuliza baba. Miaka michache baadaye, mtoto aitwaye Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco na wazazi Wachina, ambao sheria ya wakati ule haikuwaruhusu kuandikishwa uraia. Alipokua akawa mpishi. Katika mwaka 1895 alikuwa akirudi kutoka China, akazuiwa kushuka melini kwa madai kwamba si raia. Alishitaki, na katika mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikampa haki. Mpishi mmoja alifanya kwa shauri lake kile ambacho Douglass alifanya kwa hotuba: aliyashika maneno ya nchi akaiambia iyatimize.

Wenyeji wa asili ndio waliongoja kuliko wote. Uraia ulitolewa kwa wote waliozaliwa nchini katika mwaka 1924. Watu waliokuwapo kabla ya Crèvecœur, na kabla ya babu yake, walifanywa raia kwa sheria ya wajukuu wa wageni wao. Wengine wao hawakuuomba uraia huo, kwa kuwa walikuwa na mataifa yao tayari. Huu ni ukumbusho kwamba si kila mtu aliye katika nchi ile aliingia kwa mlango wa matumaini.

Nimebakiza kitabu kimoja cha kupima, na hiki kinatuhusu kwa karibu. Ni Dreams from My Father cha Barack Obama, kilichotoka katika mwaka 1995, miaka 13 kabla ya mwandishi kuchaguliwa kuwa Rais. Baba yake alikuwa Mjaluo wa Nyang'oma Kogelo, katika Siaya, aliyekwenda kusoma Hawaii katika mwaka 1959. Mama yake alikuwa mwanamke mweupe aliyezaliwa Kansas. Mwandishi alizaliwa Honolulu katika mwaka 1961, wakati ambapo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanakataza ndoa ya namna hiyo. Mama alipoolewa mara ya pili, na Mwindonesia, mtoto akaishi kwa muda Jakarta na kupata dada huko. Ikumbuke sasa ile jamaa ya Crèvecœur yenye wake wa mataifa manne, yote ya Ulaya. Majivuno yake yalitimia, lakini yalitimia katika watu asiowaota.

Kitabu kimegawanyika katika sehemu tatu: asili, Chicago, na Kenya. Mpango huu si wa bahati. Mwandishi anapita njia ya Crèvecœur kinyumenyume. Mkulima wa mwaka 1782 alidai kwamba mtu huwa Mmarekani kwa kuacha kaburi la babu yake ng'ambo ya bahari. Obama anavuka bahari kulitafuta kaburi hilo. Katika Kogelo anamsikiliza bibi yake akisimulia habari za Onyango, mzee mkali aliyewapikia Wazungu, na habari za baba aliyefariki katika ajali ya gari katika mwaka 1982. Mwishowe anakaa kati ya makaburi mawili na kulia. Mwandishi hakujifanya mwenyeji wa Kogelo. Alirudi Chicago. Lakini alirudi akijua kwamba mwacha mila, hata kama hawi mtumwa, huwa kipofu wa jicho moja.

Kitabu hiki hakikosi ila. Mwandishi mwenyewe alikiri katika utangulizi kwamba wahusika wengine aliwaunga kutokana na watu zaidi ya mmoja, na kwamba mazungumzo mengi ni ya kukadiria. Mara nyingine wahusika husema vema mno, kama watu waliopewa muda wa kusahihisha. Lakini ubora wake ni uaminifu wa aibu: anaonyesha baba aliyekuwa na akili nyingi na aliyewaumiza waliompenda, wala hamfanyi sanamu.

Baada ya kuchaguliwa kwake katika mwaka 2008, wako watu waliozidi kudai kwamba hakuzaliwa Marekani, hata akatangaza cheti chake kirefu cha kuzaliwa tarehe 27 Aprili 2011. Swali la Crèvecœur lilimfuata mpaka Ikulu. Na halikuishia hapo. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kutowatambua kama raia watoto wanaozaliwa Marekani ikiwa mama yupo nchini bila kibali au kwa muda tu, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Majaji waliizuia amri hiyo, na ugomvi wake ukafika Mahakama ya Juu. Wanaoitetea wanasema kwamba uraia ni kifungo cha utii, si ajali ya mahali. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana kila taifa lina haki ya kuuliza nani ni wake. Lakini tumewaona Dred Scott na Wong Kim Ark. Tumeona kwamba kila mara nchi ile ilipojibu swali kwa kumtazama mzazi, ilitengeneza tundu jingine msituni. Na kila mara ilipojibu kwa kumtazama mtoto mwenyewe, ilikaribia maneno yake ya mwaka 1776.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza Mmarekani ni nani leo, nitakujibu hivi. Ni mtu aliyerithi ahadi ambayo haijalipwa yote, na anayekubali kuwa miongoni mwa wadai wake na miongoni mwa wadaiwa wake. Akiwa mdai tu, atajaa uchungu. Akiwa amesahau deni, atakuwa kama wale wenyeji wa Charleston, wanaokula vizuri huku ndege wanapiga kelele.

Na wewe ukikutana na barua ya tatu ya Crèvecœur, maana utakutana nayo, ifurahie, inastahili. Kisha geuza kurasa mpaka ya tisa, usome polepole. Mtu yule bado anaomba maji, na msomaji mmoja mmoja ndiye apitaye njia ile.